Ameacha Mjane na Watoto Watano

Tukisoma tanzia magazetini, aghalabu tunakuta mpango ule ule. Kwanza hutajwa vyeo vya marehemu, kisha vyuo alivyosoma, halafu nishani alizotunukiwa na safari alizofunga. Mwisho kabisa, mahali ambapo msomaji amekwisha kuanza kugeuza ukurasa, huwekwa sentensi moja fupi: marehemu ameacha mjane na watoto kadhaa. Jina la mjane huenda lisitajwe. Watoto nao huhesabiwa tu, kana kwamba ni viti vya nyumbani.

Juma hili safu yetu inamkumbuka mtu ambaye tanzia yake ingefaa kuanzia kwenye sentensi hiyo ya mwisho. Jina lake Aldo Leopold, bwana misitu na mwalimu wa chuo kikuu nchini Marekani, aliyefariki dunia tarehe 21 Aprili 1948 akiwa na umri wa miaka 61. Wataalamu wa hifadhi ya mazingira duniani kote wanamfahamu kwa kitabu chake kimoja mashuhuri. Sisi wa ukurasa wa jamii tunamtazama kwa upande mwingine. Alikuwa baba aliyependa pori kupita kiasi, na mapenzi hayo hayakumtenga na nyumba yake.

Jambo hilo si dogo, msomaji mpenzi. Kila mwanamume hupenda kitu fulani kilicho nje ya nyumba. Huyu hupenda kuvua samaki, yule kuwinda, mwingine mpira, mwingine bao na mazungumzo ya barazani. Kupenda huko hakuna ubaya. Ubaya huingia pale penzi linapogeuka kuwa mlango wa kutorokea, baba akawa hujulikana zaidi na wenzake wa huko nje kuliko na wanawe mwenyewe. Anaondoka wangali wamelala, anarejea wamekwisha lala. Leopold naye angeweza kuwa baba wa namna hiyo. Kazi yake ilimpa kila kisingizio.

MWANA WA MWENYE KIWANDA

Alizaliwa tarehe 11 Januari 1887 katika mji wa Burlington, jimbo la Iowa, kwenye nyumba iliyojengwa juu ya genge linalotazama mto Mississippi. Baba yake, Carl Leopold, alikuwa na kiwanda cha kutengeneza meza za kuandikia. Siku za mapumziko mzee Carl aliwachukua wanawe kwenda misituni na kwenye vinamasi vya mto, akiwafundisha kutambua nyayo za wanyama, viota vya ndege, na mashina yenye mapango ambamo wanyama wadogo hujificha.

Mzee huyo alikuwa mwindaji. Lakini katika zama ambazo sheria za uwindaji zilikuwa chache, alijiwekea mipaka yake mwenyewe, akaacha kuwinda ndege katika majira ya kuchipua, wakati wanaposafiri kwenda kutaga. Hakuna askari aliyemkataza. Alitii sheria ambayo ilikuwa haijatungwa bado, na wanawe walikuwa pale wakimwona. Huenda katika malezi yote hakuna somo linalomwingia mtoto kwa undani kuliko hilo la kumwona baba yake akijizuia pasipo kuzuiwa na mtu.

Aldo alisomea taaluma ya misitu katika Chuo Kikuu cha Yale, akahitimu mwaka 1909, kisha akaajiriwa katika idara ya misitu ya serikali na kupelekwa kusini magharibi mwa nchi, katika majimbo ya Arizona na New Mexico. Huko bwana misitu alisafiri kwa farasi siku nyingi mfululizo, akilala nje na kupika kwa moto wa kuni. Kijana yule alijiona yuko peponi.

Huko huko alimpata mwenzi wake. Estella Bergere alikuwa binti wa mji wa Santa Fe, kutoka katika ukoo mkubwa uliozungumza Kihispania. Kwa kuwa kazi ilimweka mbali, sehemu kubwa ya uchumba wao ilikwenda kwa barua. Walifunga ndoa tarehe 9 Oktoba 1912.

Miezi sita baadaye ndoa hiyo ilikaribia kufikia mwisho wake. Mnamo Aprili 1913 Leopold alikuwa safarini porini kuamua ugomvi wa malisho, mvua na theluji vikamnyeshea, naye akalala katika matandiko yaliyolowa. Alirudi nyumbani amevimba uso na mikono. Ulikuwa ugonjwa wa mafigo, ambao katika siku hizo uliwaua wengi. Wakati huo Estella alikuwa mjamzito wa mtoto wao wa kwanza. Mume alikaa zaidi ya mwaka mmoja akiuguzwa kabla ya kurudi kazini.

Tangu hapo hakuwa tena na afya ya kukaa mgongoni mwa farasi majuma kwa majuma. Mtu mwingine angesononeka na kuilaumu nyumba yake. Yeye alianza kutafuta njia ya kuyaunganisha yale mawili aliyoyapenda, yaani pori na jamaa yake.

PINDE ZA KUCHONGA NYUMBANI

Mwaka 1924 alihamishiwa mji wa Madison, katika jimbo la Wisconsin, kaskazini mwa nchi, ambako kipindi cha baridi ni kirefu na theluji hufunika ardhi kwa miezi. Kwa Estella uhamisho huo ulikuwa na uzito wake: kuliacha jua la kwao, kuwaacha ndugu na lugha ya nyumbani, na kwenda kuanza upya ugenini akiwa na watoto wanne. Wa tano, binti aliyepewa jina la mama yake, alizaliwa mwaka 1927. Majina yao kwa utaratibu wa kuzaliwa ni Starker, Luna, Nina, Carl na Estella. Luna, ijapokuwa jina lake laweza kumdanganya msomaji, alikuwa mvulana.

Mwaka 1933 Leopold alichapisha kitabu cha kufundishia juu ya utunzaji wa wanyamapori, na mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Wisconsin kikamfanya profesa wa somo hilo, wa kwanza katika nchi nzima. Kazi za kitaaluma zilimwelemea kama zinavyomwelemea kila mtu wa cheo. Hata hivyo jioni alikuwa akichonga pinde na mishale kwa mikono yake mwenyewe, si kwa ajili yake tu, bali kwa ajili ya mkewe na watoto. Jamaa nzima ilijifunza kulenga shabaha, na Mama Estella akaibuka kuwa bingwa wa wanawake katika jimbo la Wisconsin. Tunataja hilo kwa sababu wako waume ambao mambo ya nje huyafanya kuwa miliki yao peke yao. Huyu alimkabidhi mkewe upinde, na mke akapata sifa kwa upinde huo.

BANDA LA KUKU

Mwanzoni mwa mwaka 1935 alikwenda kutazama shamba moja kando ya mto Wisconsin, mwendo wa kilometa 80 hivi kutoka mjini. Akalinunua. Lilikuwa na ukubwa wa ekari 80, na bei yake ilikuwa ndogo kwa sababu iliyo wazi. Mwenye shamba wa zamani alikuwa ameulima udongo ule wa kichanga mpaka ukaishiwa rutuba, nyumba ilikuwa imeungua, naye alikuwa amekwenda zake akiacha deni la kodi. Jengo pekee lililosimama lilikuwa banda la kuku lenye samadi ya kufika magotini.

Mtu aweza kukisia yaliyopita vichwani mwa watoto walipofikishwa pale. Mkubwa wao alikuwa na miaka 21 na mdogo alikuwa na miaka 8. Baba yao, profesa mwenye jina, alikuwa amewaletea uwanda wa mchanga na majani makavu, akawakabidhi mabeleshi.

Walianza kwa kuizoa samadi. Kisha wakaweka paa upya, wakajenga meko ya mawe yenye dohani, na wakaongeza chumba cha kulala chenye vitanda vya mbao vya kupangana. Mbao nyingi hawakuzinunua, bali ziliokotwa mtoni, zilizoletwa na mafuriko. Benchi nyepesi la mbao alilolibuni Leopold kwa ajili ya kukalia pale likaja kuwa mashuhuri, na hadi leo watu wa nchi nyingi hulitengeneza kwa kuiga. Hapakuwa na umeme wala maji ya bomba. Wenyewe walipaita “Kibanda”, na karibu kila mwisho wa juma, mwaka baada ya mwaka, walikuwa hapo.

Jioni palikuwa na gitaa na nyimbo, baadhi zikiwa za Kihispania, lugha ya upande wa mama. Mama Estella alipika juu ya meko katika vyungu vya chuma. Kuni walizipasua wenyewe, na ziko picha za mume na mke wakivuta msumeno mmoja wa watu wawili, huyu upande huu na yule upande ule. Yeyote aliyepata kuvuta msumeno wa namna hiyo anajua kwamba hauendi kwa nguvu za mmoja. Ukimsukumia mwenzako unapinda, na ukiuachia mapema unakwama. Baba wa namna ya Leopold hapatikani pasipo mama aliyekubali kuvuta upande wa pili.

MICHE ILIYOKAUKA

Kazi kubwa ilikuwa kupanda miti. Leopold alitaka ardhi ile irudishiwe misonobari na majani yake ya asili. Katika majira ya kuchipua ya mwaka 1936, katika likizo ya shule, jamaa nzima iliingia shambani. Mmoja alitangulia na beleshi kufungua shimo, mwingine akafuata na ndoo ambamo miche ilikaa mizizi yake majini isije ikakauka, akausimamisha mche, udongo ukashindiliwa kwa kisigino, wakasonga mbele hatua chache na kuanza tena. Walipanda kwa maelfu.

Kiangazi cha mwaka huo kilikuwa cha ukame mkali katika sehemu kubwa ya Marekani. Karibu miche yote ilikauka.

Hapa ndipo tunapopaona penye kiini cha habari hii. Watoto walikuwa wametoa likizo yao, malengelenge yakawatoka mikononi, na mazao ya kazi yao yakawa vijiti vya kahawia. Baba alikuwa na njia kadhaa. Angeweza kuwafokea kwamba hawakupanda vizuri. Angeweza kuliuza shamba, na hakuna ambaye angemcheka. Angeweza pia kuwaajiri vibarua ili asiwatie watoto uchungu mara ya pili. Alichofanya ni kuagiza miche mingine. Mwaka 1937 walipanda tena, na mwaka uliofuata vivyo hivyo, na kila mwaka hadi mwaka wa kufa kwake. Misonobari iliyopandwa kwa mikono ya jamaa ile ikafikia makumi ya maelfu. Leo palipokuwa na mchanga pana msitu.

Tunasema samaki mkunje angali mbichi, nasi huielewa methali hiyo kuwa ni ya kuonya na kurudi. Yafaa tukumbuke kwamba mtoto hukunjwa pia kwa kushirikishwa. Wale watano hawakuhubiriwa juu ya subira, bali waliishika kwa mikono, ikiwa na mizizi inayodondoka maji, na waliona baba yao akishindwa mbele ya macho yao kisha akaanza upya.

DAFTARI LA ALFAJIRI

Leopold alikuwa na desturi ya kuamka kabla ya mapambazuko. Alitengeneza kahawa, akatoka nje na daftari lake na kifaa cha kupimia mwanga, akakaa benchini kuandika ni ndege gani ameanza kulia na saa ngapi. Mchana watoto nao walichangia yale waliyoyaona: tarehe ambayo mabata bukini wamerejea kutoka kusini, siku barafu ilipopasuka mtoni, siku ua fulani lilipochanua kwa mara ya kwanza. Kila jambo liliandikwa, mwaka kwa mwaka.

Wanafunzi wake walikumbuka kwamba alipenda kuuliza kuliko kueleza. Akiona kichaka kilicholiwa, aliuliza kimeliwa na nani, lini, na kwa nini hiki na si kile. Aliyeulizwa alilazimika kuinama na kutazama.

Aliuliza hata makosa yake mwenyewe. Katika ujana, kama mabwana misitu wengi wa wakati ule, aliamini kwamba mbwa mwitu wakimalizwa wanyama wa kuwindwa watazidi, naye akashiriki kuwapiga risasi. Baadaye aliona milima ambayo, kwa kukosa mbwa mwitu, ilijaa paa waliokula kila chipukizi hadi nao wakafa kwa njaa. Mwaka 1944, akiwa profesa mwenye heshima, aliandika waziwazi kwamba alikosea. Baba akiweza kusema hivyo hadharani, watoto hawana sababu ya kuogopa kuukiri ukweli mezani.

MOSHI UPANDE WA JIRANI

Vita Kuu ya Pili iliwatawanya vijana, na kwa miaka kadhaa Kibanda kilibaki na wazee na kitinda mimba wao. Amani iliporudi, upandaji uliendelea. Mnamo katikati ya Aprili 1948 Leopold alipata habari aliyoingoja kwa muda mrefu: mswada wake wa insha juu ya shamba lile, uliokuwa umekwisha kukataliwa na wachapishaji zaidi ya mmoja, hatimaye ulikuwa umekubaliwa. Siku chache baadaye alikwenda Kibandani na mkewe na binti yao mdogo kwa ajili ya kupanda miche ya mwaka huo.

Asubuhi ya tarehe 21 Aprili waliona moshi shambani kwa jirani. Takataka zilikuwa zimechomwa, moto ukaingia katika majani makavu, na upepo ulikuwa ukiuleta upande wa misonobari. Walichukua ndoo, mafagio na bomba la maji la kubeba mgongoni, wakaenda kusaidia. Leopold aliwapanga mkewe na bintiye mahali pao, kisha akaenda peke yake na lile bomba. Huko moyo ulisimama. Alifia katika shamba la jirani, akiwa kwenye shughuli ya jirani, mwendo mfupi kutoka miti aliyoipanda na wanawe.

Kwa hiyo sentensi ya mwisho ya tanzia ilikuwa ya kweli: aliacha mjane na watoto watano. Haikueleza yale aliyoyaacha ndani yao.

Luna aliisimamia kazi ya kuukamilisha mswada wa baba yake, na kitabu kikatoka mwaka 1949 kwa jina la A Sand County Almanac. Kimekwisha kuuzwa zaidi ya nakala milioni 2. Luna mwenyewe akawa mtaalamu mkubwa wa maji na mito. Starker akawa profesa wa wanyamapori huko California, na ripoti aliyoiongoza mwaka 1963 ikabadili namna ya kutunza hifadhi za taifa nchini mwake. Carl akawa mwanasayansi wa mimea. Estella mdogo akawa mtaalamu wa mimea ya kale, akisoma historia ya nchi katika chavua iliyozikwa ardhini. Watatu kati yao, yaani Starker, Luna na Estella, walichaguliwa kuwa wanachama wa Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani, jambo lisilo la kawaida kwa watoto wa tumbo moja.

Naye Nina? Mwaka 1976 alirejea kuishi katika ardhi ile, akalifungua upya daftari la baba yake, akaendelea kuandika lini ndege wamerudi na lini maua yamechanua. Mwaka 1999 yeye na mdogo wake Carl, pamoja na wenzao wawili, walichapisha matokeo ya kulinganisha kumbukumbu za zaidi ya miaka 60. Dalili nyingi za majira ya kuchipua zilikuwa zikifika mapema kuliko enzi za utoto wao. Daftari la baba, lililoandikwa siku za mapumziko mbele ya banda la kuku, likawa ushahidi wa kisayansi kwamba hali ya hewa inabadilika.

Mama Estella alifariki mwaka 1975. Wa mwisho kati ya watoto, Estella mdogo, alifariki mwaka 2024 akiwa na miaka 97. Mwaka 1982 wote watano walikuwa wameanzisha taasisi ya kulitunza shamba lile na mafundisho yake, na mwaka 2007 jengo la taasisi hiyo lilikamilika, likiwa limejengwa kwa magogo ya misonobari ile ile waliyoishindilia kwa visigino vyao.

Msomaji mpenzi, hatukuandika haya ili kila baba atafute ekari 80. Wengi wetu hatunazo, wala kazi zetu hazituruhusu kila mwisho wa juma. Lakini Leopold hakuwapa watoto wake kilicho bora katika nchi. Aliwapa ardhi iliyochoka na banda lenye samadi, pamoja na saa zake mwenyewe. Hizo saa kila mzazi anazo, ijapokuwa kidogo.

Basi ikiwa leo, Jumapili, unayo nafasi, mwite mtoto mmoja utoke naye. Mwulize yule ndege juu ya mwembe anajengea nini kiota chake, nawe usilitoe jibu haraka. Mpeni daftari aandike tarehe. Mkiweza, pandeni mche mmoja, yeye ashike mche na wewe ushike jembe. Na kama kiangazi kikija ukakauka, msimlaumu aliyesahau kumwagilia. Tafuteni mwingine, mrudi pale pale.